Malipo Ambayo Hayajathibitika Si Wizi

Mwanafunzi wangu wa zamani, ambaye siku hizi huwauzia wateja wa ng'ambo vyondo na vinyago kupitia mtandao, alinijia mwezi uliopita akiwa amefura kwa hasira. "Mwalimu," akaniambia, "mtambo ulisema malipo yamekubaliwa, nami nikatuma vyondo arobaini. Baada ya miezi miwili benki ikazirudisha pesa zote kwa mwenye kadi. Tangu siku hiyo, yeyote ambaye mtambo unamtilia shaka namkataa papo hapo."

Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nilimwonea huruma, lakini kadiri alivyozidi kunieleza ndivyo nilivyozidi kuamini kuwa masaibu yake yalitokana na kuifasiri visivyo lugha ya mtambo. Kwanza alidhani "yamekubaliwa" maana yake ni "salama". Sasa anadhani "yanatiliwa shaka" maana yake ni "wizi". Makosa haya mawili ni mapacha, na wanaoyatenda ni wengi.

Hebu tutazame jinsi mambo yanavyokwenda. Dukani, mwuzaji humwona mnunuzi na kadi yake. Mtandaoni haoni kimojawapo. Huletewa tarakimu tu. Ukaguzi wa kwanza ni wa hesabu, kwa kanuni iliyobuniwa na Hans Peter Luhn wa kampuni ya IBM na kupewa hataza mwaka wa 1960. Kanuni hiyo hutambua tarakimu iliyoandikwa kimakosa, basi. Mwizi aliyeinakili nambari sawasawa hupita bila kizuizi. Kisha benki iliyotoa kadi huulizwa iwapo kadi ingali hai na iwapo ina fedha za kutosha. Ikijibu ndiyo, haijasema kuwa anayelipa ndiye mwenye kadi. Hapo ndipo mwanafunzi wangu alipoteleza mara ya kwanza. Mwenye kadi alipoona malipo asiyoyajua alilalamika benki, na kanuni za makampuni ya kadi humpa muda mrefu wa kufanya hivyo, aghalabu hadi siku 120. Mwuzaji akapoteza vyondo, akapoteza pesa, na juu yake akatozwa ada.

Kwa sababu hiyo kuna ukaguzi mwingine. Zile tarakimu tatu zilizo nyuma ya kadi huulizwa ili kuonyesha kuwa mnunuzi ameiona kadi yenyewe. Ndiyo maana wauzaji wamekatazwa kuzihifadhi baada ya malipo kuidhinishwa. Mtambo hutazama pia iwapo kompyuta moja imejaribu kadi nyingi kwa muda mfupi, maana wezi hupenda kuzionja kadi kwa malipo madogo madogo kabla ya kununua kitu kikubwa. Hulinganisha nchi ya kadi, nchi ya kompyuta na nchi ya kupelekewa mzigo. Mwishowe hujumlisha dalili hizi zote na kumpa mwuzaji alama za hatari. Alama hizo ni kadirio. Hazimtaji mwizi kwa jina, wala hazimtakasi mtu.

Sasa tuje kwenye kosa la pili, ambalo ndilo hasa lililonifanya nishike kalamu. Miongoni mwa dalili hizo mna ukaguzi wa anwani. Mtambo huchukua nambari ya nyumba na msimbo wa posta alioandika mnunuzi, ukaulinganisha na kumbukumbu za benki yake. Utaratibu huu hutumika zaidi Marekani, Kanada na Uingereza, ambako takriban kila nyumba ina nambari na kila mtaa una msimbo. Wengi wetu tunapokea barua kwa Sanduku la Posta, na nyumba zetu hutambulishwa kwa kanisa, msikiti au soko lililo jirani. Benki nyingi nje ya nchi nilizozitaja hazilijibu kabisa swali la anwani. Basi mtambo humwambia mwuzaji kuwa anwani haijathibitika, naye husoma kuwa anwani ni ya uongo.

Mwalimu yeyote wa Kiswahili angemsahihisha kwa chaki. Lugha yetu ina kiambishi -ja- kwa ajili ya jambo hili hili. "Mgeni hajafika" huacha mlango wazi. Huenda yuko njiani. "Mgeni hakufika" huufunga. Mtoto wa darasa la tatu haichanganyi miundo hii miwili, lakini mfanyabiashara aliyekwishaumizwa huichanganya kila siku, na kila anapoichanganya humfukuza mteja mwaminifu.

Mimi mwenyewe yamenifika. Niliwahi kuagiza kitabu cha fonolojia kutoka duka moja la ng'ambo, kwa kadi yangu halali yenye fedha halali. Nilikataliwa mara tatu bila maelezo. Yale niliyotendewa na duka lile ndiyo mwanafunzi wangu anayowatendea leo wateja wa Kampala na Lusaka.

Wanafunzi wa hisabati na watusaidie kwa mfano wa kubuni. Tuseme maagizo ni 1,000, na 10 kati yake ni ya wezi. Mtambo hodari unawanasa wezi 9, lakini unawashuku kimakosa watu 50 waaminifu. Walioshukiwa jumla ni 59, na wezi ni 9 tu, yaani pungufu ya mmoja kwa kila sita. Anayewakataa wote 59 amejikinga na wezi 9 na kuwatusi wateja 50.

Je, mwuzaji afanye nini? Kwanza, dalili moja pekee isimfanye akate kauli. Shaka ikiwa ya wastani, na auzuie mzigo kwa siku moja au mbili, ampigie mteja simu, amwulize juu ya agizo lake. Pili, aombe uthibitisho wa mwenye kadi, ambapo benki humtaka mnunuzi, kwa mfano, aandike nambari ya siri ya mara moja aliyotumiwa kwa simu. Visa ilianza kueneza utaratibu wa namna hii mwaka wa 2001, na Umoja wa Ulaya ukaanza kudai uthibitisho madhubuti kwa malipo mengi ya mtandaoni mnamo Septemba 2019. Uthibitisho huo ukifaulu, kwa kawaida hasara ya ulaghai huhamia kwa benki iliyotoa kadi. Sisi tuliozoea M-Pesa tangu 2007 hatuoni ajabu, kwani mlipaji huingiza nambari yake ya siri kwa mkono wake mwenyewe.

Tatu, na tukumbuke kuwa hili si suala la biashara pekee. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka wa 2019, katika kifungu cha 35, inampa mtu haki ya kutohukumiwa na mtambo peke yake katika mambo yanayomwathiri pakubwa, pamoja na vighairi vyake, na haki ya kuomba uamuzi huo uangaliwe upya. Waliotunga sheria hiyo walielewa kwamba kushuku ni kazi ambayo mashine inaiweza, na kwamba kuamua kunahitaji mtu wa kuwajibika.

Walimu wenzangu, vijana mnaowafundisha ndio watakaoketi mbele ya mitambo hii, wengine wakiuza, wengine wakinunua, wengine wakiiunda. Mnapowafundisha ukanushi, wapeni mfano huu. Mwanafunzi wangu aliondoka akiahidi kumwandikia mteja mmoja wa Lusaka aliyemkataa wiki iliyotangulia. Mteja huyo hajajibu. Sisemi kwamba hakujibu.