Kocha Naye Ana Haki Yake

Tarehe 7 Novemba, 2024, timu ya Tabora United, kama ilivyokuwa ikiitwa wakati huo, iliifunga Yanga mabao 3 kwa 1 huko Chamazi, Dar es Salaam. Kwetu sisi wa Unyamwezini, kutoka mjini Tabora hadi hapa Igalula, ilikuwa furaha ya haki. Lakini siku nane baadaye Yanga ilitangaza kuachana na kocha wake, Bwana Miguel Gamondi wa Argentina, ambaye msimu uliotangulia aliipatia ubingwa wa Ligi Kuu na kuifikisha robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika.

Hadi Oktoba 2025, yaani katika muda usiotimia mwaka mmoja, klabu hiyo ilikwisha kupitia mikononi mwa Mabwana Sead Ramovic, Miloud Hamdi na Romain Folz, na ikamkabidhi timu Bwana Pedro Gonçalves. Insafu inatutaka tuseme kwamba si wote waliofukuzwa. Bwana Ramovic alikwenda Algeria, na Bwana Hamdi alikwenda Misri akiwa ameuacha ubingwa mezani. Wala si Yanga peke yake. Novemba 2023 Simba ilimwondoa kocha wake, Bwana Roberto Oliveira, siku mbili tu baada ya kufungwa na Yanga mabao 5 kwa 1.

Hatupingi kwamba kocha asiyefaa aondolewe. Kazi ni dhamana, na anayeshindwa dhamana hana haki ya kuishikilia. Tunachouliza ni hiki: nani anayepima, kwa kipimo gani, na baada ya muda gani? Kama kipimo ni kelele za jukwaani baada ya mchezo mmoja, basi hicho si kipimo, ni hasira. Na hasira ina gharama. Kocha aliyevunjiwa mkataba bila kulipwa haki zake hupeleka madai FIFA. Klabu ikiamriwa kulipa isilipe, huzuiwa kusajili wachezaji. Hapo anayeumia si kiongozi aliyetia sahihi barua ya kufukuza, bali ni mwanachama mnyonge aliyekata kadi yake kwa jasho.

Jambo hili linakuwa zito zaidi linapoigusa timu ya Taifa, na ndugu zetu wa Visiwani wanalifahamu vizuri. Ndugu Hemed Suleiman, kijana wa Zanzibar, ndiye aliyeifikisha Zanzibar Heroes fainali ya Kombe la CECAFA huko Machakos, Desemba 2017, ikashindwa na Kenya kwa mikwaju ya penalti tu. Januari 2024, Bwana Adel Amrouche aliposimamishwa katikati ya mashindano ya Mataifa ya Afrika nchini Ivory Coast, ni Ndugu Hemed aliyepewa mzigo akiwa kaimu. Akaubeba. Tarehe 19 Novemba, 2024, Taifa Stars iliifunga Guinea bao 1 kwa 0 mjini Dar es Salaam, ikapata tiketi ya mashindano ya Morocco. Mwanzoni mwa Novemba 2025, chini ya miezi miwili kabla ya mashindano hayo, ilitangazwa kwamba pande mbili zimekubaliana kuachana, na timu akapewa Bwana Gamondi yule yule.

Wako watakaosema kwamba matokeo yamekwisha kujibu. Ni kweli kwamba Stars, baada ya sare na Uganda na Tunisia, iliingia hatua ya 16 bora kwa mara ya kwanza katika historia yake, ikatolewa na Morocco kwa bao 1 kwa 0. Tunampongeza Bwana Gamondi bila kinyongo. Lakini matokeo mema hayahalalishi kila njia iliyotumika. Kama Stars ingefungwa michezo yote mitatu, je, waliofanya uamuzi wangesimama mbele ya wananchi na kuujibia? Na iwapo Ndugu Hemed alifaa kuitafuta tiketi, wananchi walistahili kuelezwa kinaga ubaga kwa nini hakufaa kusafiri nayo.

Tena si mara ya kwanza. Mwaka 1979 ni Ndugu Joel Bendera aliyekuwa kocha Stars ilipofuzu kwa fainali za 1980 nchini Nigeria. Ilipofika Lagos, kocha mkuu alikuwa Mpolandi, Bwana Slawomir Wolk. Zaidi ya miaka 45 imepita, na mzalendo bado ni mtu wa kulima. Wa kuvuna hutafutwa kwingine.

Njia ya misafara ya zamani, kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe, ilipita katika pori la Mgunda Mkali, mashariki ya hapa tulipo. Wazee wetu wapagazi walijua thamani ya kirongozi. Alichaguliwa kwa kuijua njia, na msafara wenye akili haukubadili kirongozi katikati ya pori kwa sababu kisima kimoja kimekutwa kikavu.

Hatuna budi basi kuwashauri wahusika. Kila mkataba wa kocha utaje malengo, muda wa kuyapima, na chombo kitakachopima. Uamuzi wa kumwondoa utanguliwe na kumsikiliza, kwani hata kadhi hahukumu kwa kusikia upande mmoja. Sababu zitolewe hadharani. Kaimu anayefanikiwa apewe kazi kamili, mkataba kamili na muda kamili. Baraza la Michezo la Taifa na TFF kwa upande wa Bara, na wenzao wa Visiwani, wanao uwezo wa kuyasimamia haya bila kungoja timu ifungwe tena.

Wahenga walikwisha sema: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.