Utando wa Tangini Usitiliwe Dawa

Mfugaji wa samaki na matumbawe katika tangi la kioo, hapa Mji wa Kale Mombasa, huona siku moja utando wa rangi ya udongo umefunika mchanga na vioo, naye hukimbilia dawa. Kwa maoni yetu huko ni kutupa fedha, tena ni hatari: baadhi ya dawa hizo zina shaba, nayo huua konokono na matumbawe.

Utando huo ni dayatomu, mwani mdogo mno. Chakula chake ni silika iliyomo majini, pamoja na mbolea ya mabaki ya chakula cha samaki. Mkulima anajua jinsi magugu yanavyopenda samadi.

Basi tazameni maji kwanza. Ya kisima cha kisiwani hayafai kuongezea tangi. Visima vingi viko karibu na mashimo ya vyoo. Wala msichote Bandari ya Zamani, maana hori ya Tudor huteremsha humo uchafu wa mji. Choteni upande wa bahari kuu, maji yakijaa. Lisheni kidogo, kwangueni kioo, badilisheni sehemu ya maji kila juma. Katika tangi jipya utando hupungua wenyewe baada ya majuma machache.