Vazi la kazini: Ni nani mwenye kusema lina maana gani?

Shukrani zote anastahiki Allah (S.W.), na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake.

Ndugu msomaji, imekuwa ada siku hizi kwa wanaowaandaa vijana kutafuta ajira kuwaambia kwamba mtu ni kama bidhaa sokoni, na vazi ndilo chapa yake. Kabla hujafungua kinywa, wanasema, koti, kiatu na saa yako vimekwisha kunena. Kauli hiyo ina ukweli ndani yake, wala hatuna haja ya kuikanusha yote. Lakini katika nyumba zetu huzua swali zito. Binti amemaliza chuo, ameitwa kwenye usaili. Usiku wa kuamkia siku hiyo mzazi anamwita kando na kumwambia kwa sauti ya chini: "Mwanangu, kesho tu, ushungi huo ungeuacha. Ukishapata kazi utajifunika." Mzazi huyo hasemi kwa ubaya. Anasema kwa khofu, na khofu hiyo haikuzuka bure. Tuitazame basi kwa mambo yaliyofika mahakamani, kisha tujipime wenyewe.

Mwaka 2008, katika mji wa Tulsa nchini Marekani, binti wa miaka 17 aliomba kazi katika duka la nguo la kampuni ya Abercrombie & Fitch. Kampuni hiyo ilikuwa na kanuni kali kuhusu mwonekano wa wauzaji wake, kwa hoja kwamba muuzaji ni sura ya duka. Binti alihudhuria usaili akiwa amevaa hijabu. Hakuulizwa lolote juu yake, naye hakusema lolote. Aliyemsaili alimwona anafaa; lakini aliye juu yake akaamua asiajiriwe, kwa kuwa kitambaa cha kichwani kilipingana na kanuni.

Tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa katika ajira iliishtaki kampuni hiyo. Utetezi ulikuwa kwamba mwombaji hakutamka kuwa anavaa kwa ajili ya dini, hivyo kampuni haikuwa na wajibu wa kumfikiria. Shauri lilipanda hadi Mahakama ya Juu, na tarehe 1 Juni 2015 majaji wanane kati ya tisa waliikataa hoja hiyo. Jaji Antonin Scalia, aliyeandika hukumu, alieleza kwamba mwajiri hawezi kuifanya ibada ya mwombaji, iwe ameithibitisha au ameikisia tu, kuwa sababu ya kumnyima kazi. Zingatieni: haki hiyo ilipatikana baada ya miaka saba, na haikutolewa kwa upendeleo wa dini yetu. Ilitolewa kwa sheria inayomlinda kila mwenye imani.

Ulaya mambo yameelekea kwingine. Nchini Ubelgiji, mpokea wageni aliyeajiriwa mwaka 2003 na kampuni ya G4S aliachishwa kazi mwaka 2006 baada ya kusema kwamba ataanza kujifunika kazini. Tarehe 14 Machi 2017 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kuwa mwajiri anayezuia alama zote za dini, siasa na falsafa bila kubagua hajafanya ubaguzi wa moja kwa moja. Siku hiyohiyo, katika shauri jingine lililotoka Ufaransa, mahakama hiyo ilisema kwamba malalamiko ya mteja asiyependa kuhudumiwa na mwenye hijabu si sharti halali la kazi. Mwaka 2021 iliongeza kuwa mwajiri lazima aonyeshe haja ya kweli ya katazo lake. Na mwezi Novemba 2023 ikaziruhusu ofisi za umma nazo kuweka makatazo ya namna hiyo.

Tukiyatazama mashauri haya pamoja, tunaona kwamba ugomvi hasa haukuwa juu ya kipande cha kitambaa. Ulikuwa juu ya nani mwenye kusema kitambaa hicho kina maana gani. Duka la Tulsa lilisema maana yake ni kuharibu sura ya biashara. Mwajiri wa Ubelgiji alisema maana yake ni kuegemea upande. Mvaaji mwenyewe alikuwa na maana yake, na ndiye aliyeulizwa mwisho. Nasi tuulize: ni lini suti na tai vilikuwa mavazi yasiyo na asili wala historia? Kila vazi limetoka kwa watu fulani na linabeba ada zao. Lile tulilolizoea ndilo tunaloliona halina alama.

Kwetu Afrika Mashariki hali haijawa ngumu kiasi hicho. Muuguzi, mwalimu na wakili wenye kujifunika si wageni machoni petu. Tarehe 19 Machi 2021, Mheshimiwa Samia Suluhu Hassan aliapishwa kuwa Rais wa Tanzania akiwa amejitanda ushungi mwekundu, na msahafu mkononi. Atakayemwambia binti kwamba ushungi na madaraka havikai pamoja ana mambo mengi ya kueleza.

Hata hivyo, tusikimbilie kuwalaumu waajiri na kujisahau. Vazi ni ahadi. Anayevaa hijabu au kanzu amewaahidi watu, bila kusema, kwamba ana haya, ana ukweli na anamwogopa Mola wake. Je, ahadi hiyo tunaitimiza? Muuguzi aliyejisitiri vizuri akimfokea mgonjwa, mgonjwa hatakumbuka jina lake; atakumbuka ushungi wake. Mfanyabiashara mwenye kofia iliyotariziwa akipunja mizani, lawama haitaishia dukani kwake. Anayechelewa kazini kila siku akiwa na ndevu zilizotunzwa amewafundisha wenzake jambo baya kuhusu ndevu.

Tukumbuke kwamba Maquraish walimwita Mtume wetu (S.A.W.) Al-Amin, Mwaminifu, kabla hajapewa utume. Jina hilo hakulipata kwa kitambaa cha joho lake. Alilipata kwa biashara isiyo na hila na kwa amana zilizorudi kwa wenyewe. Hata alipohama Makka, huku baadhi ya watu wa mji huo wakipanga kumuua, alimwacha Sayyidna Ali (R.A.) nyuma ili arudishe amana za watu. Kama vijana wetu wanatafuta mfano wa kujenga jina, wameupata.

Wala hatusemi kwamba unadhifu ni jambo dogo. Mtu mmoja alipotaja kwamba hupendelea nguo na viatu vizuri, Mtume (S.A.W.) hakumlaumu, alifundisha kwamba Allah anapenda uzuri, na kwamba kiburi ni kuikataa haki na kuwadharau watu. Kwa hiyo kanzu yenye madoa si dalili ya zuhudi, wala suti ya mkopo isiyolipika si dalili ya maendeleo. Katika Suratul-A'raf, aya ya 26, yametajwa mavazi ya kusitiri na ya pambo, kisha vazi la uchamungu likawekwa juu ya yote.

Wazazi wafanye nini basi? Kwanza, wamwache binti aende kwenye usaili kama alivyo. Anayeingia kwa sura isiyo yake atalazimika siku moja kuieleza ile iliyo yake. Pili, wamfundishe kuuliza mapema na kwa adabu utaratibu wa mavazi wa ofisi. Tatu, wamfundishe kutofautisha haja na matakwa. Chumba cha upasuaji kinadai usafi, na mashine ya kiwanda haina huruma na kitambaa kinachoning'inia; hapo ushungi hufungwa vizuri ukachomekwa, na sitara ikabaki. Lakini "wateja hawatapenda" si usalama. Nne, mawaidha yasiishie kwa mabinti. Suratun-Nur imewaanza wanaume katika aya ya 30 kabla ya wanawake katika aya ya 31. Kijana wa kiume naye aambiwe kuhusu suruali yake, macho yake na ulimi wake ofisini.

Na yule mzazi wa usiku ule, tunamwomba abadilishe neno lake. Amwambie mwanawe: "Nenda na ushungi wako, uwe umepigwa pasi, ufike nusu saa kabla, na usiseme uongo hata katika jambo dogo." Huenda kazi ikapatikana, huenda isipatikane, riziki iko kwa Mwenye kuigawa. Lakini binti atarudi nyumbani akiwa na jina lake kamili.

Tunamwomba Allah (S.W.) awape vijana wetu kazi za halali, na ayafanye matendo yetu yasiyaaibishe mavazi yetu. Amin.