Kugombana si kupigana, hata kwa Kiingereza

Ufuo wa Kendwa, kule Kaskazini A, Unguja, ni mahali ambapo ugomvi wa Kiswahili huishia kuandikwa kwa Kiingereza. Papasi, yaani kijana anayewauzia wageni bidhaa na safari ufukweni, akivutana na mlinzi, au nahodha akimdai mgeni fedha za safari, wanaoingilia kuamua husema Kiswahili; lakini taarifa ya hoteli, barua ya kampuni ya utalii na dai la bima huenda kwa Kiingereza, kwa wasomaji ambao hawakuwapo. Waliotupiana maneno wakiandikwa kuwa wamefanya “fight”, na aliyemshika mwenzake mkono akiandikwa “assault”, kijana ameshaharibiwa jina kabla hajaulizwa. Anayeandika taarifa kama hizo ana wajibu wa kujua uzito wa kila neno analolichagua, kama anavyopaswa kujua jina la mtu anayemtaja.

Kiswahili cha Unguja kinazitenganisha hatua za ugomvi vizuri. Watu huteta, huzozana, hugombana. Mikono ikiingia husukumana na kukamatana mashati. Ngumi zikirushwa ndipo wamepigana. Anayesikia kuwa wawili wamegombana haulizi nani kaumia. Kiingereza nacho kina hatua zake, ila hazilingani na zetu. “Quarrel” na “argument” ni za mdomo. “Scuffle” ni purukushani fupi isiyoacha jeraha la maana. “Brawl” ni mapigano ya hadharani, yenye makelele, aghalabu ya watu wengi. Mtego mkubwa ni “fight”, kwani Mwingereza aweza kusema alikuwa na “fight” na mkewe bila yeyote kuinua mkono, ilhali neno hilohilo katika taarifa ya mlinzi husomwa kuwa ni ngumi. “Assault” ni zito zaidi kwa sababu ni jina la kosa la jinai, na katika sheria ya Uingereza kumfanya mtu ahofu kupigwa papo hapo kunatosha hata kama hakuguswa. “Riot” nayo si kelele za vijana: sheria za jinai ambazo Waingereza waliziacha Afrika Mashariki zinaanza kuihesabu kwa watu watatu waliokusanyika kwa nia moja na kuvunja amani. Mfanyakazi wa mapokezi anayeandika maneno haya kwa haraka anatoa hukumu ambayo ni kazi ya hakimu.

Zanzibar ina sababu ya kuwa makini na majina ya namna hii. Tarehe 27 Agosti 1896 manowari za Waingereza zilipiga kasri la Sultani kwa muda usiofika saa moja, na historia ya Kiingereza ikayaita mashambulizi hayo “war”. Juni 1961, katika ghasia zilizoanza siku ya uchaguzi, watu 68 waliuawa Unguja, na tume iliyoundwa kuchunguza ikaandika katika kichwa cha ripoti yake “disturbances”, neno linaloweza kutumika hata kwa makelele ya usiku. Aliyeshika kalamu ndiye aliyeamua lipi likuzwe na lipi lipunguzwe.

Watakuwapo wa kusema kwamba Kiingereza si chetu, na kwamba wageni wengi wa Kendwa, Waitaliano wakiwamo, nao hukizungumza kwa kubahatisha. Maadamu tunaelewana, yatosha. Katika mazungumzo ya ufukweni nakubali kabisa. Karatasi ni jambo jingine, kwa sababu haina sura wala sauti ya kusahihisha neno lililokosewa. Wengine watasema dawa ni kuandika Kiswahili peke yake. Hoja hiyo ina nguvu, na maelezo ya mashahidi yaandikwe kwanza kwa lugha waliyosemea. Lakini kampuni ya bima iliyoko London haitayasoma, na tafsiri itafanywa na mtu asiyeijua Kendwa. Afadhali ifanywe hapa, na anayejua tofauti ya kuteta na kupigana.

Njia salama ni kuacha majina makubwa na kueleza kitendo: nani alimsukuma nani, kwa mkono au kwa kitu, nani aliumia na wapi. Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), kinachofundisha utalii pale Maruhubi, kiliingize jambo hili katika masomo yake ya Kiingereza, na kila hoteli ya kaskazini iambatanishe maelezo ya Kiswahili na taarifa yake ya Kiingereza.