Maziwa Yasiyo na Laktosi Yana Sukari

Wadogo zangu mlio madarasani, nanyi wenzangu mliokwisha toka mkafuata kazi mijini, nina neno la kuwaambia juu ya maziwa.

Siku hizi wagonjwa wa kisukari, na wengine watakao kupunguza unene, hufuata mlo wenye wanga kidogo. Shauri hilo laweza kuwa jema likiongozwa na daktari. Lakini nimesikia, hata huku kwetu Nchelenge na Kashikishi, kwamba atakaye kuepuka sukari ya maziwa anunue yale ya paketi yaliyoandikwa kuwa hayana laktosi. Mjomba wangu, aliye na kisukari, aliniagiza nimletee hayo kutoka mjini, akidhani kwamba aweza kuyanywa apendavyo. Mimi napinga mawazo hayo, na sababu zangu ni hizi.

Laktosi ndiyo sukari ya asili ya maziwa, nayo imeungwa na sukari mbili ndogo, glukosi na galaktosi. Kiwandani, kwa kawaida, hawaitoi sukari hiyo. Hutia kimeng'enya kiitwacho laktasi, nacho huipasua vipande viwili, na vyote hubaki mle mle. Ndiyo sababu maziwa hayo huwa matamu zaidi. Kikombe cha mililita 250 kina sukari gramu 12 hivi, sawa na maziwa ya kawaida, yaani kama vijiko vitatu vya chai. Viko viwanda vinavyochuja kwanza sehemu ya sukari; basi mnunuzi asome hesabu ya wanga iliyoandikwa ubavuni mwa paketi, asitosheke na maneno makubwa ya mbele.

Ni nani basi anayefaidika nayo? Ni yule ambaye maziwa humjaza tumbo gesi na kumharisha. Watu hao ni wengi, wala si jambo la kuonea haya. Mtoto anyonyaye ana laktasi tele, lakini kwa watu wengi duniani hupungua wakikua. Mwaka 2007 wataalamu walioongozwa na Sarah Tishkoff walieleza kwamba wafugaji wengi wa Tanzania na Kenya wamerithi badiliko linaloidumisha laktasi hata ukubwani. Mababu zao waliishi kwa maziwa. Wetu waliishi kwa samaki na muhogo, maana mbung'o hawakuacha nafasi ya ng'ombe wengi. Ni mbung'o hao walioeneza malale, hata mwanzoni mwa karne ya 20 watu wakahamishwa kandoni mwa Luapula na Mweru.

Wala mtu asiseme kwamba bila maziwa mifupa itadhoofu. Chisense wetu, aliwaye mzima pamoja na mifupa yake, ana kalisi nyingi wala hana wanga. Jibini ngumu na siagi zina sukari kidogo mno. Maziwa ya mgando yamepunguziwa laktosi kwa kuchachuka, lakini haikwisha. Na ukiyatia sukari umerudi ulikotoka.

Nilimwambia mjomba kwamba, kwa kuwa maziwa hayamsumbui tumbo, hana haja ya kulipa zaidi. Tena sahani moja ya ugali wa muhogo ina wanga mwingi kupita kikombe cha maziwa. Hiyo ndiyo ya kupimwa kwanza, kwa shauri la mganga wa hospitali.

Ndugu zangu, mkienda nyumbani likizo hii, wasomeeni wazee maandishi madogo ya paketi. Wengi wao hununua kwa kuamini, na fedha yao ni ya jasho la nyavu.