Viti vya Baraza la Wahandisi Visijazwe Kimya Kimya



Juma hili twapenda kusema juu ya uchaguzi ambao wengi wenu hamna kura ndani yake. Ni uchaguzi wa wajumbe wanaowawakilisha wanachama katika Baraza la Taasisi ya Wahandisi Tanzania. Twajua wapo watakaouliza: hayo ya mainjinia yatuhusu nini sisi wa Kimara, tusio na kura wala cheti cha uhandisi? Twawajibu kwamba yeyote apandaye basi Kimara Mwisho alfajiri yamhusu sana, pengine kuliko chaguzi nyingine ambazo tumezipigia ngoma na kuzivalia sare.

Hebu tukumbuke habari ya Jangwani. Mabasi ya mwendokasi yalianza kazi mwezi wa Mei 2016, na sisi wa Kimara tulifurahi, kwa kuwa mwanzo wa njia ulikuwa kwetu. Lakini karakana kubwa ya mabasi hayo ilijengwa Jangwani, katikati ya bonde la Msimbazi, mahali ambapo kila mzee wa Magomeni ajua kwamba maji ya mvua hupita na yatapita tena. Aprili 2018 mafuriko yaliingia ndani ya karakana, na mabasi mengi yakaharibika. Mara ngapi tangu hapo barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani kwa sababu ya maji, na wafanyakazi wa Kimara na Mbezi wakatembea kwa miguu au wakalala kwa ndugu? Sasa serikali ina mradi wa bonde la Msimbazi, wenye kujenga daraja refu hapo na kuihamisha karakana. Ni kheri. Ila fedha zitakazotumika kuhamisha ni juu ya zile zilizokwisha kutumika kujenga, na zote ni za mwananchi.

Kwa nini twayasema haya katika habari ya uchaguzi? Kwa sababu maji hayafuati mlango wa ofisi, hufuata bonde, na jambo hilo hujulikana na kila mwanafunzi wa uhandisi wa mwaka wa kwanza. Elimu ilikuwapo nchini. Kinachotakiwa ni sauti ya kuisema elimu hiyo hadharani kabla zege halijamwagwa. Mhandisi mmoja mmoja, aliyeajiriwa na idara, au na mkandarasi, au na kampuni ya ushauri, ana bosi, ana watoto wa kulisha, na mkataba wake una masharti ya kutunza siri. Hatumlaumu. Lakini Baraza la chama cha wahandisi wote halina bosi huyo. Baraza laweza kuandika barua, likasema: sisi wenye taaluma twaona mahali hapa hapafai, na sababu zetu ni hizi. Kama Baraza limejaa watu walioingia kwa kura za wenzao, barua hiyo ina uzito. Kama limejaa watu walioingia kwa kuwa hakuna mwingine aliyejitokeza, barua haitaandikwa, au itaandikwa kwa wino mwepesi.

Hapa yafaa tuwatoe wasomaji katika mchanganyiko mmoja. Kuna Bodi ya Usajili wa Wahandisi, ambayo ni chombo cha serikali kilichowekwa kwa sheria, kwanza ya mwaka 1968, kisha ya mwaka 1997. Bodi ndiyo isajiliyo wahandisi, na ndiyo iwezayo kumfuta asiyestahili. Taasisi ni kitu kingine. Ni chama cha wahandisi wenyewe, wameingia kwa hiari yao, walipa ada, na viongozi wao ni watu wao. Bodi humtazama mhandisi kama askari wa barabarani atazamavyo dereva. Taasisi ndipo mhandisi akaapo na wenzake na kusema neno lake. Na jirani zetu wa Kenya wamekwenda mbele hatua moja: sheria yao ya wahandisi ya mwaka 2011 yaipa Taasisi ya Wahandisi ya Kenya nafasi ya kupendekeza wajumbe wa Bodi yenyewe. Ukichezea uchaguzi wa Taasisi kule, umechezea na Bodi.

Mwalimu Nyerere alipenda kukumbusha kwamba Waingereza walitutawala zaidi ya miaka arobaini, na walipoondoka mwaka 1961 walituachia wahandisi 2 tu waliosoma. Wawili, kwa nchi nzima yenye mito, milima na maziwa! Vijana wetu waliotaka uhandisi wa chuo kikuu walilazimika kwenda Nairobi au ng'ambo, mpaka Kitivo cha Uhandisi kilipofunguliwa Mlimani mwaka 1973. Mwaka 1975 Taasisi ikaanzishwa. Leo wahandisi waliosajiliwa ni maelfu, na wengine wanatoka kila mwaka Mlimani, Taasisi ya Teknolojia ya Dar es Salaam, Mbeya na kwingineko. Taifa limewasomesha kwa jasho la mkulima wa pamba na wa kahawa. Kwa hiyo ajabu ni kubwa kusikia mhandisi kijana, mwenye kalamu tatu mfukoni, akisema kwamba mambo ya Baraza ni ya wazee.

Ya wazee kwa amri ya nani? Chama cha wahandisi wa ujenzi cha London, ambacho vyama vingi vya namna hii duniani viliiga mfano wake, kilianzishwa mwaka 1818 na kikundi cha vijana waliokutana katika nyumba ya kahawa. Hawakuwa na jina wala fedha. Miaka miwili baadaye ndipo walipomwendea Thomas Telford, mjenzi mashuhuri wa madaraja, wakamwomba awe rais wao. Tazameni mpangilio wake: vijana walitangulia, na mzee akaja kwa kuitwa nao. Hatusemi wazee waondoke. Twasema mhandisi wa miaka ishirini na minane aliyeshinda juani pale Mbezi akipima kalavati ajua mambo ambayo mwenye kiti cha kuzunguka ameanza kuyasahau. Vilevile mhandisi wa Kigoma au Mtwara, anayejenga bila maabara ya karibu ya kupimia udongo, ana habari ambayo wa Dar es Salaam hana. Na wahandisi wanawake, ambao bado ni wachache mno, hawataongezeka kwa hotuba za Siku ya Wanawake ikiwa ndani ya Baraza hakuna anayeuliza kwa nini kambi ya ujenzi haina choo chao.

Sasa twaja kwenye neno ambalo baadhi ya viongozi wa chama chetu hawatalipenda, lakini gazeti la chama lisiposema na watu wake litasema na nani?

Historia yetu ni ya kukataa wajumbe wa kuteuliwa. Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lilianza mwaka 1926, na Waafrika wa kwanza waliingizwa mwaka 1945 kwa kuteuliwa na Gavana. Mwaka 1957 Mwalimu naye aliteuliwa, na mwaka huohuo akajiuzulu, kwa kuwa aliona kiti kile hakimpi nguvu ya kuwatumikia watu. Uchaguzi ulipokuja mwaka 1958 na 1959, wa kura tatu na masharti magumu, watu walikwenda, wakapiga, na nchi ikabadilika. Hayo twayasimulia kila mwaka kwa fahari. Lakini twapenda kuyaruka ya mwaka 1964. Mwaka ule Shirikisho la vyama vya wafanyakazi lilivunjwa, ikaundwa NUTA kwa sheria, na Katibu Mkuu wake akawa mtu wa kuteuliwa na Rais. Aliyeteuliwa alikuwa Waziri wa Kazi. Sababu zilikuwapo, kwa maana nchi ilikuwa imetoka tu katika maasi ya askari. Hata hivyo kuli wa bandarini aliyekuwa na shida na serikali alijikuta akimpelekea Waziri shida yake ili Waziri akazungumze na serikali. Wengi wa wale makuli walikuwa watu wetu, na kadi za chama walikuwa nazo.

Kwa hiyo twawaambia wenzetu wa ofisi za chama, tangu tawi hadi wilaya: msitengeneze orodha ya majina ya Baraza la wahandisi. Msimpigie simu mkuu wa idara kumwuliza watu wake watampa nani. Mhandisi mwenye kadi yetu asichaguliwe kwa kadi, na asiye nayo asinyimwe kura kwa kukosa kadi. Sisi tuliopita vyuo vya ualimu twaijua habari hii kwa kutazama darasa. Kiranja aliyewekwa na mwalimu hutazama uso wa mwalimu, na paa linapovuja atasema darasa ni kavu. Aliyechaguliwa na wanafunzi atakuja kusema mvua inaingia, hata kama mwalimu amekasirika siku hiyo.

Kwa wahandisi wenyewe tuna machache. Mgombea na aandike karatasi moja, kwa maneno ya kueleweka, atafanya nini ndani ya Baraza, maana orodha ya shahada zake haijibu swali hilo. Kiti chenye mgombea mmoja kisishangiliwe kama umoja, mara nyingi huo ni uchovu tu. Kura iwe ya siri, ama ya karatasi ama ya simu, na hesabu ifanyike mbele ya wagombea. Mwajiri anayewasafirisha watu wake kwa basi moja kwenda kupiga kura, na chakula juu, ajue kwamba tunaliona basi lile.

Wakumbuke pia kwamba kazi yao, ikiharibika, huua. Machi 2013 ghorofa lililokuwa likijengwa katikati ya jiji liliporomoka na watu 36 wakafa. Novemba 2024 jengo la Kariakoo likaanguka asubuhi, na zaidi ya 20 wakapoteza maisha, wengi wao wachuuzi na wateja waliokuwa wakitafuta riziki. Baada ya msiba huundwa kamati. Swali letu ni la kabla ya msiba: nani husema kwa sauti kwamba fulani anachimba chini ya jengo lenye watu, na akisema, nani asimama nyuma yake asifukuzwe kazi? Mwakilishi wa wanachama katika Baraza aulizwe hilo kwanza kabla hajapewa kura.

Na ninyi wa Kimara, wa Baruti, Korogwe, Temboni na Suka, ambao mwaka 2017 mlizitazama nyumba za majirani zikibomolewa ndani ya mita 121.5 kila upande wa barabara, mlikuwa na maswali ya kihandisi siku zile. Upana wa kiasi gani wahitajika kwa barabara ya namna ile? Maji ya mvua kutoka juu yatapelekwa wapi? Mengine hamjajibiwa hata leo, na kila masika mtaro humwaga maji yake uani kwa mtu. Mhandisi yumo katika mitaa yenu, mwamwona asubuhi akienda kazini na kofia ya plastiki. Msimameni juma hili, mumwulize kama ada yake ya Taasisi imelipwa, kama jina lake limo katika orodha ya wapiga kura, na kama anamjua kwa jina mjumbe anayemwakilisha.