Tozo ya mafuta yageuzwa dhamana: nani anafaidi ikianguka?

Lori linalojaza dizeli Kenya kabla ya kuelekea Buterere, kaskazini mwa Bujumbura, huchangia shilingi 25 za Kenya kwa kila lita kwa ajili ya matengenezo ya barabara. Mwaka 2025 serikali ya Kenya iliweka rehani shilingi 7 kati ya hizo, ikilenga kupata shilingi bilioni 175 za kuwalipa makandarasi. Mkopo wa kuanzia ulitoka benki ya TDB, ambayo Burundi ni mmoja wa wanahisa wake.

Kwa hiyo Burundi iko pande mbili: wasafirishaji wake wanalipa tozo, na dola ina hisa kwa mkopeshaji. Hilo si kosa, ila linataka uwazi.

Marekani ilijifunza kwa hasara. Mwaka 2007 Goldman Sachs iliuza dhamana za mikopo ya nyumba bila kuwaeleza wanunuzi kwamba mfuko wa Paulson, ulioshiriki kuichagua mikopo hiyo, ungefaidika zikianguka. Zilianguka. Mwaka 2010 benki hiyo ilikubali kulipa dola milioni 550.

Kanuni ya 192, iliyopitishwa Novemba 2023 na kuanza kutumika Juni 2025, inawakataza waandaaji na wauzaji wa dhamana za namna hiyo kuweka dau dhidi yake hadi mwaka mmoja baada ya mauzo.

Kanuni hiyo haivuki hadi Nairobi wala Bujumbura. Vyama vya wasafirishaji vina haki ya kudai sharti kama hilo, maana wao ndio wanaolipa kila lita.